Civil War ya Marvel: Tony Stark alifutiwa kumbukumbu, sisi wasomaji hatukufutiwa

Kurasa Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kule kwenye uzi wa filamu kuna mdau kaandika kwamba anayemchukia Iron Man (Tony Stark, tajiri wa vazi la chuma) "anamwonea bure". Nikimjibu kule nitaharibu uzi wa watu, naomba niyamwage hapa. Naongelea komiki ya Civil War, siyo filamu ya 2016. Kwenye filamu, ukichimba ugomvi mpaka chini unakuta ni Bucky, rafiki wa Captain America, na wazazi wa Tony. Kwenye komiki Tony na Captain America wanagombania sheria, na wote wawili wana akili timamu, ndiyo maana inauma.

Kwa ambao hawajasoma: matoleo saba, kuanzia katikati ya 2006 hadi Februari 2007, mwandishi Mark Millar, mchoraji Steve McNiven. Inaanzia mji wa Stamford, jimbo la Connecticut. Kuna kikundi cha vijana kinaitwa New Warriors, wana kipindi chao cha televisheni. Wanavamia nyumba walimojificha wahalifu huku kamera zinazunguka, maana wanatafuta watazamaji. Mmoja wa wale wahalifu, Nitro, kazi yake ni kujilipua. Anajilipua jirani na shule. Baadaye hesabu inatajwa, waliokufa ni 612, watoto wakiwemo.

Serikali inaleta sheria: mwenye uwezo usio wa kawaida na anayetaka kuutumia, ajisajili, ataje jina lake halisi, afundishwe, alipwe mshahara, na akivurunda awajibishwe. Tony Stark anasimama na sheria. Captain America (Cap, jina halisi Steve Rogers) anagoma. Marvel, wachapishaji wake, wakatangaza kitabu kwa swali moja tu, wewe uko upande wa nani, na watu wakagawanyika kweli.

Hapa nimpe Millar haki yake. Hoja ya sheria ilikuwa nzuri. Daktari ana leseni, polisi ana namba, sasa mtu anayeweza kubomoa ghorofa kwa ngumi kwa nini asijulikane hata jina? Kuna mama aliyefiwa na mtoto wake Stamford, Miriam Sharpe, anamkabili Tony siku ya ibada na kumtemea mate usoni. Ukiusoma ukurasa ule huwezi kusema mama kakosea. Mimi hapo nilikuwa upande wa Tony, tena kwa moyo wote.

Halafu Tony akaanza kazi.

Gereza linajengwa nje ya ulimwengu huu, kwenye Negative Zone. Linaitwa 42 kwa sababu lilikuwa wazo namba 42 kwenye orodha ya mawazo 100 ya kuifanya dunia iwe salama. Mashujaa wanaogoma wanatupwa humo bila kesi. Wahalifu waliokuwa wakisakwa jana, akina Bullseye na Venom, leo wanafungwa vidhibiti na kutumwa kuwawinda walewale waliokuwa wakiwakamata. Na kwa kuwa Thor, mungu wa radi, mwenyewe kipindi hicho hayupo, Tony na wenzake wanatengeneza Thor wao, kutokana na unywele wa Thor ambao Tony aliuokota siku Avengers, kikosi chao cha mashujaa, walipokutana mara ya kwanza.

Hebu simameni hapo kidogo. Mtu mmekaa naye meza moja, mmekula naye, mmepigana vita naye, kumbe toka siku ya kwanza ana unywele wako kwenye chupa.

Yule Thor wa maabara hana breki. Katikati ya pambano anampiga radi Bill Foster, shujaa anayeitwa Goliath, inampitia kifuani. Kafa akiwa na umbo la jitu, na hawakuweza kumrudisha kimo chake, kwa hiyo anazikwa hivyohivyo, kazungushiwa turubai na minyororo, winchi inamshusha. Tony ndiye kanunua viwanja vya makaburi vya kutosha mwili ule kuenea. Pembeni waombolezaji ni vidoa tu. McNiven hajachora chozi hata moja kwa karibu, na hakuhitaji.

Toleo la tano, wanamkamata aliyevaa nguo za shujaa Daredevil, wa upande wa Cap. Kakutwa na kitu chini ya ulimi, sarafu ya fedha. Wanampa Tony. Tony anauliza hii ya nini. Jamaa anamwambia kwamba sasa anazo thelathini na moja, alale salama, Yuda.

Mimi pale ndipo niliposhuka kwenye gari la Tony, na toka hapo sijaweza kumsoma Iron Man yeyote kwa raha, hata kwenye hadithi ambazo hana kosa. Akitoa utani wake namwona yule mwenye chupa. Nataka kujua ni mimi tu, au na nyinyi kuna shujaa alikufieni hivyo akiwa hai?

Mzee wa Kijiweni

Uzi bila picha! Naweka kambi, nitarudi na chai.

Kipanga Mwekundu (Nairobi)

Kurasa, heshima zako, lakini mimi niko na Tony na sihami.

Mnasema Tony alifanya hili na lile. Sawa. Cap alikuwa na mpango gani? Nionyesheni ukurasa mmoja tu ambapo Captain America anasema, baada ya sisi kushinda, familia za Stamford zitaambiwa hivi. Hakuna. Mpango wake ulikuwa kujificha kwenye maficho na kupiga watu. Yaani watoto wamekufa shuleni na jibu lako ni "tumezoea kufanya kazi bila kuulizwa". Hiyo hata matatu haikubaliwi.

Na hamkumbuki Punisher, yule anayewaua wahalifu kwa bunduki? Kambi ya Cap ilimpokea Punisher kwa sababu kamwokoa Spider-Man. Wakaja wahalifu wawili wanaotaka kujiunga, Punisher akawapiga risasi hapohapo mbele ya wote. Ndipo Cap akashtuka, akampiga mpaka damu. Bwana, ulimfungulia mlango muuaji anayejulikana dunia nzima, halafu unashangaa kaua?

Laini Mbili

Hii sheria mbona kama usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwanzoni mwa 2020 mimi nilizimiwa laini nikiwa naongea na mkwe. Captain America angekuwa Bongo angehamia kwenye laini ya shemeji yake.

Kurasa Mbili

Hahaha, Laini Mbili, wewe ungefungwa 42 bila kubisha.

Kipanga, kuhusu Cap kukosa mpango sikupingi. Ila kukosa mpango na kutengeneza muuaji maabara siyo kosa la uzito mmoja. Na lile la Punisher linaonyesha kitu kingine kabisa. Kumbuka Punisher hakurudisha ngumi hata moja. Jitu linaloua watu kama kunywa maji linapigwa na limeshusha mikono, kwa sababu anayempiga ni Captain America. Ni ukurasa wangu bora kwenye kitabu kizima.

Wakili wa Mtaani

Nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo mmegusa taaluma yangu.

Tusiichanganye sheria na utekelezaji wake. Kusajili watu wenye silaha ni jambo la kawaida kwa nchi yoyote. Tatizo la kisheria la Civil War linaanza kabla sheria haijapita. Toleo la kwanza, Maria Hill wa S.H.I.E.L.D., shirika la usalama la serikali, anamwita Captain America kwenye meli yao ya angani, anamtaka aongoze kikosi cha kuwakamata wenzake. Cap anakataa. Wanamnyooshea bunduki. Wakati huo bunge halijapiga kura! Kikosi cha kuwakamata wavunja sheria kimeshafundishwa, na sheria yenyewe haipo. Dola inayofanya hivyo ina nia yake pembeni.

Kisha hilo gereza. Mtu anawekwa mahali ambapo si ardhi ya Marekani, wala si dunia hii, ili mahakama za Marekani zisimfikie. Msomaji wa 2006 hakuhitaji kuelezwa. Sheria ya Patriot ya kupambana na ugaidi ilikuwa na miaka mitano, gereza la Marekani la Guantánamo, Cuba, lilikuwa linashikilia watu toka Januari 2002. Wamarekani wengi walikuwa wanaifungua komiki wakiwa wametoka kubishana mambo hayohayo sebuleni. Ndiyo maana ugomvi ule ulikuwa mkali hivyo, walikuwa wanagombana kuhusu serikali yao huku wakitaja majina ya Tony na Steve.

Kipanga anasema Cap hakuwa na mpango. Mtuhumiwa hana wajibu wa kuwa na mpango. Serikali ndiyo yenye wajibu wa kumfikisha mbele ya hakimu.

Kipanga Mwekundu

Wakili umenipiga na kanuni sasa. Lakini bado mama Miriam anataka jibu.

Zimamoto Mstaafu (Tanga)

Vijana, shikamooni wakubwa na marahaba wadogo. Mimi komiki hizi nimezijulia kwa mwanangu, ameniwekea kwenye tableti. Nimefanya kazi ya zimamoto maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nina neno juu ya mwisho wake tu.

Wamepigana katikati ya New York. Captain amempiga Tony, kofia ya chuma imepasuka, uso wa Tony uko damu tupu, Captain kainua ngao ammalize. Wanaomrukia na kumwangusha si mashujaa wenzake. Ni watu wa zimamoto, polisi na wa gari la wagonjwa, waliovaa sare zao za kawaida. Captain anawaambia wamwachie, hataki kuwaumiza. Wanamjibu kwa kumwonyesha mtaa. Anageuka, anaona majengo yamechanika, moshi, watu wanakimbia. Anaitupa ngao, anavua barakoa, ananyoosha mikono afungwe pingu kama Steve Rogers.

Mwanangu alikasirika sana, anasema Captain alikuwa anashinda, kwa nini ajisalimishe. Nikamwambia mwanangu, wewe hujawahi kuzima moto nyumba ambayo wenyewe bado wanagombana ndani. Hawakuoni. Unaburuta mpira wa maji, wanakurukia na mpira wako. Huyu alisimama akawaona watu waliokuja kazini. Kwangu hakushuka, alipanda. Tony sijui habari zake.

Mzee wa Kijiweni

Mzee wa zimamoto apewe maua yake.

Kurasa Mbili

Marahaba hapana, shikamoo mzee wangu. Hao waliomrukia Cap nilikuwa nawapita tu kila nikirudia. Leo nitarudi kuwaangalia.

Bi Mkasi

Mmekaa mnawalilia wanaume wawili wenye ukwasi wa misuli, hakuna aliyemtaja Peter Parker, yaani Spider-Man. Mimi nimesoma Spider-Man toka nikiwa msichana, vitabu chakavu vya mitumba, kurasa za mwisho hazipo. Huyu ndiye aliyelipia Civil War, na ninayo madai.

Mwisho wa toleo la pili Peter anapanda jukwaani mbele ya waandishi wa habari, anavua barakoa, anataja jina lake. Tony kamshawishi. Siri iliyolindwa toka 1962 imekwisha ndani ya ukurasa mmoja. Nilipofika pale nilifunga kitabu nikatembea uani. Kisha matoleo mawili matatu mbele anaona gereza lile kwa macho yake, anabaini ameuzwa, anamkimbia Tony. Lakini jina keshalitaja, halirudi mdomoni. Kingpin, bosi wa majambazi, akiwa gerezani anatuma mtu, risasi iliyolengwa kwa Peter inampata shangazi yake, May, bibi mzee wa watu.

Mpaka hapo mimi sina ugomvi na mtu. Iliniuma na nilikubali iniume. Hadithi ikikuuma vile maana yake umo ndani.

Sasa oneni walichofanya. Mwisho wa 2007 wanaleta One More Day. Shangazi anakufa hospitali, hakuna tiba. Anakuja Mephisto, shetani kabisa, anasema nitamponya, bei ni ndoa yenu. Ndoa ya Peter na Mary Jane, waliyofunga 1987, ifutike isiwe imewahi kuwepo. Wanakubali! Asubuhi Peter anaamka kwa shangazi yake, bachela, hakuna anayejua yeye ni nani, ile siku ya jukwaani watu wamesahaulishwa. Shetani kafanya usafi.

Wahariri walitaka bachela siku nyingi, walisema wazi kwamba ndoa inamzeesha. Mchoraji wa hadithi ile alikuwa Joe Quesada, ambaye ndiye alikuwa mhariri mkuu wa Marvel. Mwandishi, J. Michael Straczynski, alisema hadharani kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo mawili ya mwisho. Fikirieni, fundi anasema nguo hii msiandike nimeshona mimi.

Nilimaliza, nikafunga, sikununua Spider-Man tena kwa miaka. Peter Parker niliyemjua asingemtoa mkewe kwa shetani. Walimlazimisha. Ndipo hapo nilipoanza kusoma komiki huku nikimtafuta mhariri nyuma ya kila ukurasa, na ugonjwa huo haujapona.

Wakili wa Mtaani

Dada Bi Mkasi, hapo umenena. Mkataba ule hata mahakama ya ndoa ingeutupa nje.

Dogo wa Kidato

Samahani kaka zangu na dada zangu, mimi nimeona filamu tu. Kule chanzo ni mlipuko wa Lagos unaoua watu wa Wakanda, ile nchi ya Afrika ya kubuni, siyo Stamford. Ina maana komikini Afrika haimo kabisa?

Kurasa Mbili

Dogo, swali zuri. Black Panther, mfalme wa Wakanda, yumo, anaingia upande wa Cap mwishoni. Ila damu ya mwanzo kwenye komiki ni ya Wamarekani na shule ni yao. Filamu ndiyo iliyopeleka maiti Nigeria ili Marekani na nchi nyingine zipate sababu ya kusaini mkataba wa kuwadhibiti mashujaa. Ukitaka kulalamika, lalamika, mimi nitakupigia kofi. Na kwenye komiki shujaa wa kwanza kuuawa kwenye ile vita, Goliath, ni mwanasayansi mweusi. Wasomaji weusi wa Marekani walilisema hilo mapema.

Sasa nirudi kwa Bi Mkasi, kwa sababu dada ametaja kitu nilichokuwa nakizunguka toka mwanzo.

Nilianza kwa kusema namchukia Tony. Nikiangalia vizuri, hadithi ya Tony ingeweza kunirudisha kwake. Baada tu ya Cap kujisalimisha, Machi 2007, Captain America namba 25 ya Ed Brubaker na Steve Epting, Cap anapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama. Magazeti ya kawaida ya Marekani yaliandika kifo kile kama kifo cha mtu. Halafu kuna kijitabu kidogo, The Confession, cha Bendis na Maleev. Tony kavaa vazi la chuma, amekaa peke yake na maiti ya Steve, anaeleza kwa nini alifanya yote. Anaongea na kuongea, na anaishia kukiri kwamba haikustahili. Hapo ningeweza kumsamehe. Ningehitaji tu kumwona anaishi na lile neno miaka kumi.

Hakuishi nalo. Baada ya uvamizi wa Skrull, viumbe wa anga wanaojibadili sura, kwenye hadithi za 2008, Tony, ambaye baada ya vita alikuwa bosi wa S.H.I.E.L.D., anapinduliwa, anayepewa nafasi yake ni Norman Osborn, Green Goblin mwenyewe, adui wa Spider-Man. Hicho ndicho Cap alichokuwa akikiogopa kuhusu orodha ya majina: kwamba leo anaishika rafiki, kesho anaishika nani? Tony anaifuta orodha kila mahali, inabaki kichwani mwake tu, anatoroka na kuanza kuufuta ubongo wake mwenyewe, kidogo kidogo. Anaporudishwa 2010, anarudishwa kwa nakala ya ubongo aliyoihifadhi kabla ya Civil War. Kwa hiyo huyu Tony anayetembea hajui alimzika nani. Anasomewa habari za Goliath kama mimi ninavyosoma habari za Vasco da Gama.

Peter kafutiwa na shetani, Tony kafutiwa na kompyuta. Cap mwenyewe karudi kutoka kaburini. Sheria ikafutwa 2010 baada ya hadithi ya Siege, wakaita kipindi kinachofuata zama za kishujaa, wote wakapigana mabega kama watani. Mtu pekee aliyebaki anakumbuka kila kitu ni msomaji. Hilo ndilo lililobadilisha hisia zangu: ilikuwa deni, na wadaiwa wote wakapoteza fahamu kwa zamu. Sasa mimi nikimwona Tony ananuna au anatania, sina wa kumdai.

Kipanga Mwekundu

Ngoja, ngoja. Umeusoma mgongo wa ile hadithi, uso wake umeuacha.

Kwanza, Osborn hakupewa kiti kwa sababu ya sheria ya usajili. Alikipata kwa sababu ndiye aliyempiga risasi malkia wa Skrull mbele ya kamera, nchi ikampenda. Ofisi yoyote ingeangukia mikononi mwake, iwe na orodha au isiwe nayo.

Pili, na hili ndilo kubwa. Kwa nini Tony alijifuta ubongo? Ili Osborn asiyapate majina. Majina ya nani? Ya watu walewale waliokuwa wanamwita Yuda! Mtu ambaye akili yake ndiyo mali yake pekee, maana huyo hana nguvu, hana damu ya ajabu, ana akili tu, anaichoma akili hiyo kwa mikono yake mpaka hawezi hata kulijua vazi lake vizuri, anarudi kwenye lile la zamani la kiwango cha chini kwa sababu ndilo analoweza kuliendesha. Anafika kwa Osborn anapigwa kama mtoto. Wewe unaita hiyo kupoteza fahamu ili usilipe deni. Mimi naita kulipa. Hakuna aliyelipa kuliko yeye kwenye vita nzima. Matt Fraction aliandika hiyo, na mimi ilinirudisha kwa Tony moja kwa moja.

Zimamoto Mstaafu (Tanga)

Kipanga, hiyo inaitwaje? Mwanangu hajaniwekea.

Kipanga Mwekundu

World's Most Wanted, mzee. Mwambie aiweke leo leo.

Kurasa Mbili

Kipanga, nimeisoma na sikatai, kile kipande ni kizuri sana, labda ndicho bora cha Iron Man chote. Tony anayejichoma namkubali. Ugomvi wangu unaanza siku anapoamka. Kama ni malipo, kwa nini amerudishiwa chenji? Wangemrudisha na akili nusu. Au wangemrudisha na kumbukumbu zote, akae kwenye chumba kimoja na mjane yeyote wa Stamford. Walichagua nakala ya kabla ya dhambi. Walikuwa na nakala za tarehe zozote wanazotaka, ni wao wanaoandika, wakachagua ile. Uchaguzi ule si wa Tony. Ni wa ofisi iliyotaka kumuuza tena, na filamu ya kwanza ya Iron Man ilikuwa imeshatoka 2008, ya pili inakuja 2010, dunia nzima inampenda Robert Downey Jr. aliyemwigiza. Usingeweza kuwa na Tony wa Negative Zone dukani na Tony wa Downey sinema.

Bi Mkasi

Sema tena kwa sauti.

Kipanga Mwekundu

Hapo kwa ofisi sibishani. Lakini usimwadhibu mhusika kwa kosa la ofisi.

Kurasa Mbili

Nimtenganisheje? Yuko kwenye karatasi yao.

Ahlan Komiki (Muscat)

Assalaam alaykum wanaukumbi. Mnaongelea Civil War kama ndiyo mwisho wa dhiki. 2016 Marvel walimfanya Captain America aseme maneno ya Hydra, lile kundi la mafashisti maadui zake, na 2017 wakajenga hadithi nzima, Secret Empire ya Nick Spencer, Cap anatawala Marekani kama fashisti. Mhusika aliyebuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili wa Kiyahudi, jalada lake la kwanza kabisa akimpiga Hitler ngumi, na hapo Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Kisha wakasema, samahani, ilikuwa mchemraba wa kichawi, Cap wa kweli huyu hapa. Ni mchezo uleule: kuchafua, kuuza, kusafisha.

Wakili wa Mtaani

Ahlan, waalaykum salaam. Na kabla ya Civil War, DC, kampuni pinzani, walishafanya Identity Crisis 2004, Justice League, kikosi chao cha mashujaa, wanachezea akili za wahalifu na za Batman pia. Ule nao uligawa watu. Tofauti ninayoiona, Batman alibaki na chuki yake, na hadithi zilizofuata zikaila ile chuki. Kufuta kumbukumbu kulikuwa ndiyo kosa lenyewe. Kule Marvel kufuta kumbukumbu kukawa dawa.

Kurasa Mbili

Wakili, hiyo naiiba.

Mzee wa Kijiweni

Nimerudi na chai. Nani anamkumbuka Speedball? Kijana wa mapovu, mhusika wa kuchekesha wa Steve Ditko toka 1988. Kati ya New Warriors waliokuwepo, huyo ndiye pekee aliyenusurika Stamford, na wakambadilisha akawa Penance, kavaa vazi lenye miiba 612 kwa ndani, kila aliyekufa na mwiba wake. Mimi niliposoma hiyo nilicheka mpaka nikapaliwa. Nikaona hawa wamechanganyikiwa.

Bi Mkasi

Wewe ulicheka, mie nilimhurumia. Vazi lenyewe ni upuuzi, sawa, lakini angalau huyo alikataa kusahau. Kila akisogea linamchoma. Kati ya wote, kijana wa mapovu ndiye aliyebeba hesabu kwa namba kamili.

Mzee wa Kijiweni

Dah. Bi Mkasi umeniharibia utani wa miaka.

Dogo wa Kidato

Nimeamua kusoma. Nianze wapi na niruke nini? Bando langu dogo.

Kurasa Mbili

Matoleo saba makuu kwanza, kwa mfuatano. Ukifika la pili, simama, usome Amazing Spider-Man za kipindi kile za Straczynski na Ron Garney, maana kitabu kikuu kinampitia Peter haraka. Kisha Captain America namba 25, kisha The Confession. Front Line ya Paul Jenkins, komiki ya pembeni ya vita ile, isome ukiwa na muda, ina mambo mazuri ya Speedball, ila ukifika pale mwandishi wa habari anamhoji Captain America kama anaijua MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, eti asipoijua haijui Marekani, usitupe simu ukutani, siyo wewe wa kwanza. Wolverine za kipindi hicho zina jambo moja la maana: zinaonyesha nani alimpa Nitro dawa za kuongeza nguvu. Ni bosi wa kampuni inayolipwa kusafisha vifusi baada ya mapigano.

Kipanga Mwekundu

Halafu World's Most Wanted. Asipoisoma hiyo atabaki na chuki za Kurasa.

Bi Mkasi

Na One More Day asiiguse.

Wakili wa Mtaani

Aiguse. Mnamnyima ushahidi.

Bi Mkasi

Basi aisome mchana, na asinitumie ujumbe usiku kuniuliza kwa nini.

Dogo wa Kidato

Nimemaliza la kwanza. Mpaka sasa mimi niko na Tony.

Kipanga Mwekundu

Karibu nyumbani kijana wangu.

Kurasa Mbili

Muacheni afike la nne.